Kuchagua baiskeli nyepesi ya milimani kwa kroskantri na vijia vya msituni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka baiskeli ya kupanda na kushuka vilima kutwa nzima bila kulemewa nayo: Karura asubuhi, Ngong mwisho wa wiki, Kereita au Hell's Gate huko Kenya, milima ya Usambara ya Tanzania, au njia ya Congo Nile kandokando ya Ziwa Kivu, Rwanda. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa njia zetu nyingi shokapu ya mbonyeo mfupi inatosha kabisa, na pesa yako itafanya kazi kubwa zaidi kwenye foku (uma wa mbele wenye shokapu), matairi na saizi inayokufaa kuliko kwenye fremu ya bei kali. Pili, baiskeli nzuri ni ile ambayo fundi wa mji wako anaweza kuifungua na kuifunga, na vipuri vyake vinapatikana bila kungoja mgeni atoke Ulaya.

Mbonyeo mfupi ni upi?

Mbonyeo ni umbali ambao foku au shokapu ya nyuma huweza kuzama gurudumu linapogonga jiwe au mzizi. Baiskeli za kroskantri, yaani mbio za kupanda na kushuka njia za porini, huwa na milimita 100 hadi 120. Baiskeli za vijia, zile zinazovumilia mawe makubwa zaidi na miteremko mikali kidogo, huwa na 120 hadi 130 nyuma na 130 hadi 140 mbele. Ukifika 150 na kuendelea umeingia kwenye baiskeli za kushukia milima, ambazo kupanda nazo ni kazi ngumu.

Mpaka kati ya kundi la kwanza na la pili umefifia sana. Kroskantri ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Atlanta 1996, baiskeli za mbio zilikuwa na mbonyeo mdogo na magurudumu ya inchi 26. Njia za mashindano zimezidi kuwa na mawe na maruko, na baiskeli zimefuata. Specialized Epic 8 iliyotoka 2024 ina milimita 120 mbele na nyuma. Scott Spark RC na Cannondale Scalpel za miaka hii nazo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana leo mtu mmoja anaweza kuwa na baiskeli moja ya 120, akashindana nayo Jumamosi na kuzurura nayo msituni Jumapili.

Mimi huendesha Karura na Ngong tu. Nahitaji kweli shokapu ya nyuma?

Pengine huihitaji. Njia za Karura ni udongo ulioshindiliwa vizuri, mizizi ipo lakini si ya kutisha. Barabara za ndani ya Hell's Gate ni vumbi la volkano na kokoto, na watu huzipita kila siku kwa baiskeli za kukodi. Kwa njia kama hizo baiskeli ya shokapu ya mbele pekee ni chaguo la busara: kwa bei ileile unapata baiskeli nyepesi zaidi, yenye foku bora na breki bora, na haina beringi za fremu za kubadilisha kila baada ya masika.

Mambo hugeuka ukianza kukaa juu ya tandiko saa nne au tano mfululizo, au ukihamia kwenye vijia vya mawe na mifereji iliyochimbwa na mvua, kama vile vya ng'ombe na watembea kwa miguu huko Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Watu hudhani shokapu ya nyuma ni ya kumstarehesha mpandaji. Hiyo ni nusu tu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kulishikilia gurudumu la nyuma ardhini. Ukipanda mlima wenye mizizi kwa baiskeli ngumu nyuma, gurudumu hurushwa na kila mzizi, na kila likirushwa, nguvu uliyoikanyagia pedali inapotea hewani. Jaroslav Kulhavý wa Czechia alishinda dhahabu ya London 2012 kwa baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma na magurudumu ya inchi 29, akimpita Nino Schurter wa Uswisi mwishoni kabisa, na tangu hapo hoja ya kwamba shokapu ya nyuma ni ya wavivu imekosa wa kuitetea. (Katika mbio hizo hizo alikuwemo Adrien Niyonshuti wa Rwanda, aliyekuwa pia mbeba bendera wa nchi yake, na akazimaliza.)

Njia yangu ya kumsaidia mtu kuamua ni kumuuliza nini humuuma baada ya safari ndefu. Kama ni viganja na mabega, shida mara nyingi iko kwenye foku, upepo wa matairi au urefu wa fremu, na shokapu ya nyuma haitakusaidia. Kama ni kiuno, na unajikuta unasimama kwenye pedali kila mahali kwa sababu kukaa hakuvumiliki, hapo anza kuwekea akiba baiskeli ya 120 mbele na nyuma.

Uzito una maana kiasi gani?

Una maana, lakini hesabu yake ni ndogo kuliko watu wanavyoamini. Chukua mtu wa kilo 70 kwenye baiskeli ya kilo 13. Jumla ni 83. Ukipunguza kilo moja umepunguza asilimia 1.2 hivi ya mzigo, na kwenye mlima mkali wa saa nzima utaokoa sekunde kama arobaini. Kwa mshindani hizo ni nafasi kadhaa. Kwa anayekwenda Kereita na marafiki, ni muda wa kunywa maji.

Uzito unaohisiwa zaidi ni ule ulio kwenye magurudumu na foku, kwa sababu ndio unaouinua, kuuzungusha na kuugeuza kila dakika. Foku ya springi ya chuma inayokuja na baiskeli za bei nafuu inaweza kukaribia kilo mbili na nusu au kuzidi, wakati foku ya hewa ya kroskantri kama RockShox SID ina kilo moja na nusu hivi. Kilo nzima imeondoka, na foku yenyewe inafanya kazi vizuri zaidi.

Ili upate picha: baiskeli ya kaboni ya mbio yenye shokapu mbili huwa kilo 10 hadi 12, ya alumini yenye shokapu ya mbele, ya daraja la kuanzia, kilo 13 hadi 14 na ushei, ya vijia ya alumini yenye shokapu mbili, 14 hadi 16.

Kaboni au alumini?

Alumini, kama unalipa kutoka mfukoni mwako na huna mdhamini. Tofauti ya fremu pekee, kwa baiskeli za shokapu ya mbele, mara nyingi haifiki kilo moja, lakini tofauti ya bei inatosha kununua foku nzuri na magurudumu mepesi. Kaboni ni imara kuliko sifa yake mitaani, na iliyopasuka hutengenezeka mikononi mwa mtu aliyejifunza kazi hiyo. Tatizo ni kumpata mtu huyo karibu nawe. Pia fremu ya kaboni haipendi kulazwa juu ya basi na kufungwa kwa kamba za mpira chini ya magunia ya viazi.

Magurudumu ya inchi 29, 27.5 au 26?

Nunua 29 kama urefu wako unaruhusu. Gurudumu kubwa hupita juu ya jiwe kwa pembe ya chini na hutunza mwendo. Matairi mazuri ya sasa karibu yote hutengenezwa kwanza kwa 29.

Mtu mfupi asilazimishwe. Kampuni kadhaa huweka 27.5 kwenye saizi ndogo kabisa za fremu. Trek hufanya hivyo kwenye Marlin za XS na S. Inchi 26 ni ya baiskeli za zamani. Matairi yake ya bei nafuu yamejaa madukani, lakini foku na rimu bora za saizi hiyo zimeadimika. Ukitaka uhakika usiamini maandishi ya inchi peke yake: soma ubavuni mwa tairi namba ya milimita. 559 ni ya inchi 26, 584 ni ya 27.5, na 622 ni ya 29.

Foku ipi nitafute, na niipangeje?

Tafuta yenye springi ya hewa, kwa sababu unaweza kuilinganisha na uzito wako kwa pampu ndogo ya shokapu. Springi ya chuma hutengenezwa kwa mtu wa uzito wa wastani. Kama una kilo 55 au 95, haikufai na hakuna wa kukurekebishia. Angalia pia kuwe na kirekebisho cha kasi ya kurudi, kile kitufe chekundu chini ya mguu wa foku. Foku inayorudi kwa kishindo hukurusha usukani kwenye kila shimo.

Kuipanga si uchawi. Vaa kila unachovaa ukiendesha, pamoja na mfuko wa maji. Panda, simama kwenye pedali huku mtu amekushikia, usukume ule mpira mdogo wa duara hadi chini kwenye mguu wa foku, kisha shuka taratibu bila kubonyeza. Kwa foku ya milimita 120, mpira uwe umesogea karibu milimita 24, yaani moja ya tano. Nyuma, acha shokapu izame robo ya mwendo wake. Ukiona umezama zaidi, ongeza hewa. Ukiona hujazama, punguza. Kazi ya dakika kumi inayobadilisha baiskeli kuliko kifaa chochote cha kununua, na bado nakutana na watu wenye baiskeli za thamani ya pikipiki ambao hawajawahi kuifanya.

Naweza kuweka foku ya 140 kwenye baiskeli iliyoundwa kwa 100?

Usifanye hivyo. Kila milimita 20 za ziada hulaza pembe ya mbele (mwinamo wa foku) kwa digrii moja hivi, hunyanyua usukani, na kuiongezea shingo ya fremu mzigo ambao haikuundiwa. Ongezeko la 20 ndio kikomo, na hata hilo angalia kwanza kama mtengenezaji anaruhusu. Foku nzuri ya 100 itakupitisha mahali ambapo foku mbovu ya 140 itakuangusha.

Miiba! Kila wiki pancha. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ambalo wageni hawaliulizi na sisi tunaliuliza kila siku. Ukiendesha penye migunga, kuanzia Naivasha hadi Magadi, tyubu ya kawaida haitakufikisha. Weka matairi ya tyublesi, yasiyo na tyubu, na silanti ndani. Silanti ni maji mazito ya mpira yanayokimbilia kwenye tundu na kuganda. Mwiba wa mgunga ukiingia, mara nyingi utasikia mlio mfupi, utaona tone jeupe, na utaendelea na safari.

Kwa hiyo unaponunua baiskeli, uliza kama rimu na matairi vimeundwa kwa tyublesi. Hilo ni muhimu kuliko idadi ya gia. Mimi huliweka hata juu ya shokapu ya nyuma. Baiskeli nyingi za kati huja na rimu zinazokubali ila zimefungwa tyubu kutoka kiwandani. Hapo unahitaji utepe wa rimu, vali mbili na silanti ya mililita 90 hadi 120 kwa kila tairi la inchi 29. Joto la kwetu huikausha haraka. Kila baada ya miezi miwili au mitatu tikisa gurudumu na usikilize kama bado kuna maji. Kama kimya, ongeza.

Kulikalisha tairi kwenye rimu kunataka upepo mwingi kwa mkupuo. Pampu ya mkono hushindwa mara nyingi, lakini kompresa ya kituo cha mafuta hufaulu, mradi uwe na adapta ya kugeuza vali nyembamba ya Presta iwe kama ya gari. Adapta hiyo ni ndogo kama kifundo cha kidole na bei yake ni ya soda mbili tatu. Iweke kwenye mfuko wa tandiko isitoke humo. Ukiwa hapo kituoni, legeza nati ndogo ya ncha ya vali kabla ya kufunga adapta ili upepo uingie, na usizidi PSI 35 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi).

Upana wa tairi uwe 2.25 hadi 2.4. Usinunue lenye ubavu mwembamba kabisa wa mbio kama njia zako zina mawe makali, kwa maana silanti huziba tundu, haizibi mpasuko. Kwa mtu wa kilo 70 anza na PSI 20 mbele na 23 nyuma, kisha jirekebishe. Wengi wetu tumezoea kujaza tairi hadi liwe gumu kama la boda boda, halafu tunalaumu foku.

Na tope?

Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa Kitengela na tambarare za Athi, hauna tairi linalouweza ukilowa. Hujaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu ligome kuzunguka. Ukishuku mvua, badilisha njia. Kwa udongo mwekundu wa Limuru na mashamba ya chai, tairi la mbele lenye meno marefu na yaliyoachana linasaidia sana, huku nyuma ukiacha lenye meno mafupi ili lisikuchoshe.

Gia: moja mbele au tatu?

Moja mbele. Huna kibadili-gia cha mbele cha kuziba tope, mnyororo hauruki ovyo, na kidole kimoja kinatosha. Watu huogopa kwamba watakosa gia ya mlima. Tufanye hesabu: mfumo wa zamani wa tatu mbele ulikuwa na meno 22 mbele na 34 nyuma, uwiano wa 0.65. Mfumo wa sasa wa meno 32 mbele na 51 nyuma unatoa 0.63. Mpya ni mwepesi zaidi kwa nywele, na hujapoteza kitu. Kwa milima kama ya Usambara, au kwa anayetaka kujaribu njia ya Kilema kule Kilimanjaro ambako baiskeli zinaruhusiwa, weka meno 30 mbele.

Kuna jambo linalofichwa na maneno ya matangazo. Kaseti (fungu la gia za nyuma) za kampuni ya Shimano za gia 12, ambazo gia yake ndogo ina meno 10, hukaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya aina ya Micro Spline, na za kampuni ya SRAM zenye gia ndogo ya meno 10 kwenye aina ya XD. Kaseti hizo huzipati katika duka la kawaida la vipuri. Lakini kuna mifumo ya moja mbele inayokaa kwenye habu ya zamani ya HG, ile ambayo kila fundi anaijua: Shimano Deore M5100 ya gia 11 yenye meno 11 hadi 51, Deore M4100 ya gia 10 yenye 11 hadi 46, microSHIFT Advent X ya gia 10 yenye 11 hadi 48. Kaseti ikiisha ukiwa Iringa au Eldoret, angalau utapata ya kukurudisha nyumbani. Kwa anayeishi mbali na Nairobi, Arusha au Kigali, hizo ndizo ninazozipendekeza bila kusita, hata kama duka linazo za gia 12 kwa bei ya karibu.

Nunua pia kipimo cha mnyororo. Mnyororo wa gia 11 au 12 ubadilishwe ukirefuka kwa asilimia 0.5. Ukichelewa utanunua mnyororo na kaseti pamoja.

Breki?

Za diski na za mafuta, hilo halina mjadala kwa miteremko yetu. Diski ya milimita 180 mbele na 160 nyuma inawatosha wengi; mtu wa zaidi ya kilo 90 aweke 180 kote.

Jua ni mafuta gani yamo. Shimano hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia DOT, mafuta ya breki kama ya magari, na DOT 4 utaipata kwenye duka lolote la vipuri vya magari. Aina nyingine mpya za SRAM zimehamia mafuta ya madini, hivyo soma kifuniko kwanza. Fundi akikutilia mafuta ya breki za gari kwenye breki za Shimano, mipira ya ndani itavimba na breki zitakufa. Mwambie kabla hajaanza, na usimwachie baiskeli ukaondoka.

Pedi za chuma hudumu zaidi kwenye tope na vumbi kuliko za resini. Ila tazama maandishi kwenye diski: zile zilizoandikwa kuwa ni za resini pekee zitaliwa na pedi za chuma.

Pembe na saizi nazichaguaje?

Pembe ya mbele, inayopimwa pale shingo ya foku inapoingia kwenye fremu, zamani ilikuwa digrii 70 au 71. Leo kroskantri zimo kati ya 66 na 68. Pembe iliyolala humpa mtu ujasiri kwenye mteremko, kwa sababu gurudumu la mbele liko mbali zaidi mbele yake. Usitafute chini ya 66 kwa matumizi haya. Kwenye kona za kupanda polepole usukani utakuwa mzito na gurudumu litatangatanga.

Saizi ni jambo zito kuliko pembe. Duka lenye saizi moja litakushawishi kwamba inakufaa, na watakuinulia tandiko mpaka ukubali. Panda, weka tandiko kimo chako, kisha angalia mikono: viwiko vikunjike kidogo, wala usijione unavutwa mbele. Shuka usimame juu ya bomba la juu kwa viatu vyako. Pabaki nafasi ya vidole vitatu au zaidi. Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua ndogo kama unapenda vijia vya kupindapinda, kubwa kama unapenda safari ndefu.

Mimi ni dada wa sentimita 157. Kuna baiskeli yangu?

Ipo, dada, na isiwe ya mtoto wala ya kaka yako iliyoshushwa tandiko. Tafuta XS au S, na usiogope kubadilisha vitu vidogo: shina fupi la usukani, usukani uliokatwa kidogo pande zote mbili, krenki (mikono inayoshika pedali) za milimita 165 au 170 badala ya 175, na wenzo za breki zilizosogezwa karibu na vidole kwa skrubu yake ndogo. Tandiko jaribu zaidi ya moja. Kampuni ya Liv, iliyo chini ya Giant, hutengeneza baiskeli za wanawake pekee, ingawa fremu ndogo ya kampuni nyingine yoyote inayokukaa vizuri inafaa vilevile.

Nguzo ya tandiko inayoshuka kwa kitufe ina faida?

Ina faida kubwa. Inaongeza nusu kilo hivi na ni nusu kilo ninayoibeba kwa moyo mmoja, kwa kuwa unashusha tandiko kabla ya mteremko na kulirudisha bila kusimama. Pima kipenyo cha bomba kwanza: 27.2, 30.9 na 31.6 ndizo za kawaida.

Nimeona baiskeli ya mtumba kutoka Ulaya, bei nzuri. Nichunguze nini?

Mitumba ndiyo njia ambayo wengi wetu tumepata baiskeli za hali ya juu, na siioni haya hata kidogo. Lakini nenda mchana, na kitambaa mkononi.

Futa fremu, hasa chini ya shingo, kwenye makutano ya bomba la tandiko, na karibu na krenki. Mstari mwembamba unaorudi baada ya kufutwa ni ufa. Kwa kaboni, gongagonga kwa sarafu ukisikiliza: sauti kavu ikigeuka ghafla kuwa butu, acha. Kisha tazama miguu ya foku inayong'aa. Mkwaruzo unaoshika ukucha utakata sili (mpira wa kuzuia mafuta na vumbi), mafuta yatavuja na vumbi litaingia. Shika breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Mgongano ukiusikia shingoni ni beringi tu, ukiwa ndani ya foku ni foku imechakaa. Kwa yenye shokapu ya nyuma, nyanyua baiskeli kwa tandiko taratibu: kama tandiko linapanda kidogo kabla gurudumu halijafuata, beringi za fremu zimeisha.

Sasa vipimo, kwa sababu hapa ndipo baiskeli nzuri ya zamani hugeuka mzigo. Shingo ya fremu ikiwa nyembamba juu hadi chini, huwezi kuvisha foku nyingi za sasa, ambazo ni pana chini. Habu ya nyuma ya milimita 135 yenye ekseli nyembamba ya kufungwa kwa wenzo bado inatumika, lakini magurudumu mazuri siku hizi ni ya milimita 148 nyuma na 110 mbele. Beringi za krenki zinazofungwa kwa nyuzi za skrubu ni rafiki wa fundi; zile za kushindiliwa kwa nguvu huanza kulia baada ya tope na zinataka kifaa maalumu.

Tafuta pia namba ya fremu, kwa kawaida iko chini ya krenki. Ikiwa imekwanguliwa, usinunue, hata kwa bei ya bure. Kuna mtu mahali fulani analia juu ya baiskeli hiyo.

Naweza kuiosha kwa mashine ya kuoshea magari?

Hapana. Maji ya nguvu hupenya sili za habu, krenki na fremu, hutoa grisi na kuacha mchanga. Ndoo, brashi na sabuni vinatosha. Foku za RockShox zinatakiwa kufunguliwa miguu ya chini na kubadilishwa mafuta kila saa 50 za kuendesha; kwa vumbi letu usizidishe hata siku moja.

Nimeitoa Mombasa hadi Nairobi na matairi yamekuwa magumu. Kuna nini?

Nairobi iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje hapo inasukuma tairi kwa nguvu ndogo zaidi. Hata baada ya kuhesabu baridi, tairi ulilolipima PSI 22 Mombasa laweza kusoma karibu 24. Kwenye tyublesi tofauti hiyo unaisikia. Pima upya ukifika, na ukirudi pwani ongeza.

Si bora ninunue ya changarawe, yenye usukani uliopinda?

Kama njia zako ni barabara za vumbi za kilomita nyingi, ndiyo, itakuwa na kasi zaidi. Kwa njia ya Congo Nile, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, ningechukua ya milimani yenye foku ya 100, kwa ajili ya miteremko ya mawe na mikono yangu.

Nitajie basi za kuangalia.

Kwa anayeanza, zenye shokapu ya mbele: Trek Marlin za daraja la juu, Giant Talon, Merida Big.Nine, Scott Aspect. Ukipanda ngazi moja: Giant XTC, Scott Scale, Trek Procaliber. Zenye shokapu mbili na nyepesi: Giant Anthem, Scott Spark, Specialized Epic, Orbea Oiz, Santa Cruz Blur. Trek Supercaliber ni ya mbio tupu, ina milimita 80 tu nyuma katika toleo lake la pili. Mtu anayetaka kuzurura atafurahia zaidi Top Fuel. Jina moja huuzwa kwa madaraja mengi, hivyo soma orodha ya vifaa, si rangi.

Nikienda msituni nibebe nini?

Tyubu moja hata kama una tyublesi, nyuzi za kuzibia pancha na sindano yake, pampu, adapta ya kompresa, kiungo cha haraka cha mnyororo kinacholingana na idadi ya gia zako, kifaa cha kukata mnyororo, spana za pembe sita, na sikio la ziada la kibadili-gia la fremu yako. Hilo la mwisho ni kipande kidogo cha alumini kilichoundwa kivunjike badala ya fremu, na kila fremu ina lake, isipokuwa zile mpya zinazotumia aina ya pamoja ya UDH. Linunue siku ileile unayonunua baiskeli, maana mwaka mmoja baadaye duka linaweza kuwa halina tena.